Ramani ya Ujasiri

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake halitajwi kwa sasa kwa kuwa limepelekwa wizarani kupigwa muhuri na bado halijarudi. Wananchi wake hawakulalamika, wamezoea kungoja. Bendera wanayo, wimbo wanao, hata soko la hisa wanalo, jengo la ghorofa nne lenye kengele ya shaba iliyonunuliwa kwa mkopo nafuu. Walichokosa ni ramani.

Habari ya ramani ililetwa na Waziri wa Mitaji na Matumaini, Mheshimiwa Dokta Barakaeli, aliyekwenda ughaibuni kwenye mkutano wa siku mbili akakaa siku kumi na nne ili aelewe vizuri. Huko alionyeshwa ramani ya dunia iliyopakwa rangi. Akaelezwa kwamba wawekezaji hawalingani mioyo. Yako mabara ambayo watu wake wanapenda hatari. Hao hununua hisa za makampuni machanga, ambayo hayajauza kitu lakini yanaahidi kuuza sana. Na yako mabara ambayo watu wake wanapenda usingizi wao. Hao hununua hisa za makampuni makongwe ya saruji na sabuni, wakapokea gawio lao dogo kila mwaka na kwenda zao kulala. Wenye kupenda hatari walipakwa rangi nyekundu, wenye kupenda usingizi kijani. Waziri alitafuta nchi yake kwa kidole, akaikuta nyeupe.

“Hapa mbona hamkupaka?” aliuliza.

“Hatuna takwimu zenu, Mheshimiwa.”

Aliumia sana. Kwenye ndege ya kurudi hakuweza kula chochote, isipokuwa milo mitatu.

Mwezi haukuisha ikaundwa Idara ya Kupima Mioyo ya Wawekezaji, yenye maofisa arobaini, magari kumi na mawili, na Mkurugenzi, Bwana Zablon, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hajawahi kumkatisha mkubwa akiongea. Chini kabisa ya idara hiyo, kwenye meza iliyokuwa karibu na choo, alikaa Tunu Mwinyikombo, Mpimaji Daraja la Tatu. Tunu alikuwa na kasoro moja iliyomchelewesha kupanda cheo: alisoma nyaraka mpaka mwisho. Wenzake walisoma jalada na kupongezana. Yeye alisoma Mwongozo wa Upimaji kurasa zote mia mbili na sita, viambatisho pamoja.

Kilichomsumbua kilikuwa Kanuni ya Nne. Ilisema hivi: “Mpimaji ataandika neno la kwanza litakalotoka kinywani mwa mpimwa, na hataandika la pili, kwa kuwa neno la kwanza hutoka moyoni, na la pili hutoka kwa majirani.” Bwana Zablon aliisoma kanuni hiyo kwa sauti kwenye mkutano wa wafanyakazi, akafumba macho, na watu wawili wakapiga makofi. Tunu hakupiga. Alikuwa anafikiria kwao.

Kwao ni Chumvini, ukanda wa kusini ambako maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, yakakaushwa na jua, kisha wanawake wakaingia na mabuti kukwangua chumvi. Watu wa Chumvini wana adabu yao. Ukiwauliza habari, jibu ni nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Maiti iko ndani inaoshwa, nzuri, tunashukuru. Mgeni hapigwi na habari mbaya akiwa bado mlangoni na vumbi miguuni. Anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anakunywa. Akishateremsha gilasi ndipo anaambiwa: “Basi wangu, habari ndiyo hiyo, babako katutoka tangu alfajiri.” Neno la kwanza ni la mgeni. Neno la pili ndilo habari. Mtoto wa Chumvini anayajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

“Mkurugenzi,” Tunu alisema baada ya mkutano, “kule kwetu kanuni hii itatupotosha.”

“Binti Mwinyikombo,” alisema Bwana Zablon kwa upole, “kanuni haipotoshi. Kinachopotosha ni ukweli usiofuata kanuni. Ndiyo maana nakupeleka wewe Chumvini, unawajua watu. Ukirudi salama na fomu zimejaa, tutazungumza habari ya Daraja la Pili.”

Daraja la Pili lilikuwa na kiti chenye magurudumu, na meza yake ilikuwa mbali na choo. Lazima isemwe, kwa kuwa Tunu mwenyewe alikuja kuisema baadaye huku machozi yakimtoka, kwamba njia nzima ya kwenda Chumvini alikuwa akikifikiria kile kiti.

*

Shangazi yake, Bi Mize, ndiye aliyemlea. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa majaruba, mama mfupi mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi, na chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku vilikuwamo vyeti vya hisa vya Kiwanda cha Chumvi. Miaka thelathini nyuma, tajiri wa kwanza alipofunga mizigo yake na kuondoka, alishindwa kuwalipa wanawake mishahara ya mwaka mzima, akawalipa kwa karatasi. Watu waliwacheka. Karatasi zile ndizo zilizoezeka zahanati, ndizo zilizowasomesha watoto wa Chumvini, na ndizo zilizomnunulia Tunu viatu vya shule, jozi moja kila mwaka, vikubwa kidogo ili vidumu.

Wanawake walikusanyika kwenye banda la kuwekea majembe. Salamu zikaanza, zikaenda kwa wazazi, watoto, mbuzi na paa la nyumba ya Bi Kibibi lililoezuliwa na upepo. Vyote vilikuwa vizuri. Tunu akafungua Fomu Namba Saba.

“Swali la kwanza,” alisoma. “Hisa zako zikishuka thamani kwa nusu, hali yako itakuwaje?”

“Nzuri,” alisema Bi Mize.

“Zikishuka zote, usibakiwe na kitu?”

“Salama tu, mwanangu. Tunashukuru.”

“Na ukiambiwa uweke akiba yako yote kwenye kampuni ambayo haijaanza kazi?”

“Alhamdulillahi,” walisema wanawake wote, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mgeni wa serikali na maji yalikuwa bado hayajafika.

Tunu aliandika. Kalamu ilikuwa nzito mkononi lakini iliandika. Maji yalipoletwa alikuwa ameshafika swali la ishirini na ameshapiga muhuri. Alikunywa. Alipoteremsha gilasi, Bi Mize alimsogelea.

“Basi wangu, habari ndiyo hiyo. Hayo uliyouliza yametutia hofu. Sisi hatuna kingine ila zile karatasi. Zikiguswa, tumekwisha.”

“Hiyo ni ya pili, Shangazi,” alisema Tunu, akiangalia fomu na siyo uso wa shangazi yake. “Ya pili haina pa kuandikwa.”

“Wewe si unaijua?”

“Naijua.”

“Basi yatosha,” alisema Bi Mize, akaenda kumfungia pweza mkavu wa kuondokea. Hakuna kilichomuuma Tunu miezi iliyofuata kama lile fungu la pweza.

*

Matokeo yalikwenda kwenye mashine ya kujumlisha, na mashine ikatoa maajabu. Chumvini ilipata nyuzi tisini na nane za ujasiri kati ya mia. Mtaalamu Mshauri kutoka ughaibuni alisema kwamba katika maisha yake hajapata kuona wawekezaji wasiotikisika namna ile. Watu wa Nyanda za Juu walipata nyuzi kumi na moja. Hao ni watu wanaouza ng’ombe wa mwisho ili wamchezee kamari, lakini ukiwauliza habari wao hujibu “Tunasukuma tu,” “Afadhali jana,” au “Tutafia hapa,” na mashine ikawaandika waoga.

Kisha likaja jambo ambalo wananchi wa kawaida hawakulielewa mara moja. Wizara ilitoa Amri ya Kila Moyo na Hisa Zake. Makampuni yote yaligawanywa mafungu mawili. Makongwe yenye kutoa gawio, kama saruji, bia na chumvi, yaliitwa shina. Machanga yenye kutoa ahadi yaliitwa chipukizi. Waoga watapewa shina, kwa kuwa serikali inawahurumia. Wajasiri watapewa chipukizi, kwa kuwa serikali inawaheshimu. Mwenye hisa zisizolingana na moyo wake atazibadilisha ndani ya siku thelathini.

Kabla amri haijaanza kutumika, viongozi nao walijitolea kupimwa, ili kuonyesha mfano. Tukio lilirushwa na redio ya taifa moja kwa moja. Mheshimiwa Barakaeli aliketi mbele ya Fomu Namba Saba, na alipoulizwa atajisikiaje akipoteza hata shilingi moja, alitoa leso, akatetemeka mabega, akalia. Alilia vizuri sana. Mashine ikatoa sifuri. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na mzee wa itifaki akasema kuwa taifa halijapata kuwa na mwoga mkubwa kiasi kile. Baada yake wakapanga foleni makatibu wakuu, wabunge na wenye mahoteli. Jenerali mmoja, kifua kimejaa nishani, alikiri mbele ya mkewe kwamba anaogopa mende. Jaji Mkuu alianguka swali la pili na kuzimia, akaandikwa sifuri bila kumaliza fomu.

Tunu ndiye aliyeshika daftari. Waheshimiwa wote walijibu neno la kwanza sawasawa, maana maswali walikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

Amri yenyewe aliisoma usiku na mchana mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya saini, kulikuwa na Kifungu cha Tisa: kila baada ya miezi sita makampuni nayo yatapimwa, kwa hofu ya wenye hisa na kwa bei ya soko, lililotikisika litahamishiwa fungu la chipukizi, na lililotulia litahamishiwa fungu la shina, na wenye hisa watabadilishana papo hapo. Ilisemekana Waziri mwenyewe ndiye aliyekiongeza, ili chipukizi likitokea kuota mizizi lisimpite. Tunu alikiwekea alama ya penseli.

*

Siku ya mabadilishano Chumvini ilipambwa. Bwana Zablon alifika na bendi. Akahutubia.

“Wajasiri wa Chumvini! Dunia inawatazama! Kuna mataifa yenye barabara na hospitali, lakini hayana moyo kama wenu. Serikali haiwezi kuruhusu simba waendelee kula majani ya chumvi. Leo tunawatua mzigo wa gawio, tunawavika ukubwa!”

Wakatuliwa sanduku la bati. Wakapewa hisa za Shirika la Kusafirisha Ukungu, ambalo lilikusudia kuchukua ukungu wa bure kutoka Nyanda za Juu na kuuleta ukanda wa joto kuuzwa kwa kipimo. Shirika lilikuwa na nembo, sare, magari matatu ya wakurugenzi, na mwenyekiti aliyekuwa shemeji yake Mheshimiwa Barakaeli. Ukungu tu ndio uliokuwa bado. Kila mwanamke akavishwa nishani ya bati yenye picha ya moyo.

“Mnasemaje akina mama?” aliuliza Bwana Zablon mbele ya kipaza sauti.

“Tunashukuru,” walisema, kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa amesimama juani.

Redio ikatangaza kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja. Tunu alikuwa nyuma ya gari la bendi, amekumbatia daftari, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Sanduku lilipita mbele yake limebebwa na watu wawili. Lilikuwa bado na kipande cha karatasi alichokibandika akiwa darasa la pili: “Mali ya Shangazi, usiguse.”

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi kuomba Chumvini ipimwe upya.

“Inawezekana kabisa,” alisema Bwana Zablon. “Nchi yetu ni ya sheria. Mkoa unaojiona umepimwa vibaya unakata rufaa. Wanatakiwa waje wenyewe, wathibitishe kwamba ni waoga.”

“Watakuja.”

“Ila wakija kuikabili serikali, huo ni ujasiri. Nyuzi zitapanda. Wasipokuja, maana yake hawaogopi hali waliyo nayo, na huo nao ni ujasiri.” Alimtazama kwa huruma ya kweli. “Umeona Daraja la Pili lako? Kiti kimefika.”

Kiti kilikuwa kimefika, kikiwa na magurudumu yote matano. Tunu alikikalia siku moja. Siku ya pili alikisukuma pembeni na kurudia kigoda chake, wala hakumweleza mtu sababu.

*

Mheshimiwa Barakaeli, kwa sifuri yake, alishika namba moja kwenye orodha ya waoga, hivyo Kiwanda cha Chumvi kikaangukia kwake karibu chote. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa posho ya maji ya kunywa, kwa maelezo kwamba wajasiri hawaoni kiu. La pili, alipunguza ujira wa siku kwa theluthi. Chumvini wakaanza kuuza vitu. Bi Kibibi aliuza cherehani. Zahanati ilivuja, ikafungwa, ikaandikwa kwenye ripoti kuwa imefunguliwa kwa hewa.

Kila Jumatatu wizara ilipiga simu kiwandani kuuliza uzalishaji, na mpigaji alikuwa Tunu.

“Uzalishaji ukoje wiki hii?”

“Mzuri, tunashukuru,” ilijibu sauti ya Bi Mize. Tangu msimamizi aliyeletwa kutoka mjini aondoke kwa malaria, yeye ndiye aliyekuwa akipokea.

Tunu aliandika “mzuri” na kukata simu, kwa mujibu wa Kanuni ya Nne. Mzuri ikajumlishwa na mzuri. Gazeti la serikali likaandika kuwa chumvi inapanda, na bei ya hisa zake ikapanda kweli, mpaka Waziri akakopa benki kwa kuziweka rehani na kujenga nyumba ya pili yenye chumba cha kuogopea.

Jumatatu ya ishirini na tano, Tunu alikuwa ametoka kula maharage yasiyo na chumvi hotelini. Mwenye hoteli alimwambia kwamba sokoni hakuna hata punje, mwezi sasa. Alipiga simu, akauliza, akajibiwa mzuri, akaandika. Halafu kwa mara ya kwanza hakukata.

“Shangazi,” alisema, “upo karibu na maji?”

Upande wa pili ikasikika kata ikigonga mtungi.

“Nipo na kata hapa.”

“Kunywa basi, na mimi nakunywa.” Akachukua gilasi yake mezani, akanywa yote, akaigonga mezani ili isikike imeteremshwa.

“Haya wangu,” alisema Bi Mize, na sauti yake ikabadilika. “Habari ndiyo hiyo. Hatujakwangua hata punje tangu walipotunyima maji. Tunakuja asubuhi, tunakaa bandani, jioni tunarudi. Tulikuwa tunangoja nani atatuuliza vizuri. Wiki zote hizi tunasema, ama mwenetu ametusahau, ama amesahau kwao.”

Tunu aliinama kwenye meza, akalia bila sauti, choo kikivuta maji upande wa pili wa ukuta.

“Sikusahau,” alisema. “Niliogopa kukosa kiti.”

“Kiti gani?”

“Nitakuelezea nikija. Endeleeni hivyo hivyo. Mimi hapa nitaandika neno la kwanza, kama sheria inavyotaka.”

Akakata simu, akafungua droo, akaitoa Amri ya Kila Moyo na Hisa Zake, akaenda ukurasa wa mwisho. Ilibaki wiki moja miezi sita itimie.

*

Siku ya miezi sita Mheshimiwa Barakaeli alikwenda mwenyewe Chumvini, kwa kuwa supu ya nyumbani kwake ilikuwa hailiki na ripoti zilikuwa nzuri, na mambo hayo mawili yalishindwa kukaa pamoja kichwani mwake. Alifuatana na Bwana Zablon, shemeji yake wa ukungu, Tunu na daftari la upimaji, na waandishi wa habari kumi na mmoja, kwa maana Waziri hakuwa na desturi ya kwenda mahali peke yake.

Wanawake walikuwa bandani, wamevaa nishani zao.

“Hamjambo wajasiri?”

“Hatujambo, Mheshimiwa. Karibu.”

“Habari za chumvi?”

“Nzuri, tunashukuru.”

Waziri alitazama majaruba. Yalijaa maji ya mvua, na bata wawili walikuwa wakiogelea humo kwa raha zao.

“Chumvi yenyewe iko wapi?”

“Karibu maji kwanza,” alisema Bi Mize, akimnyooshea kata.

“Sina muda wa maji! Nimeuliza, chumvi iko wapi?”

“Hujapoa bado, Mheshimiwa. Umetoka mbali.”

Aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza kwa niaba ya Rais. Kila mara alikaribishwa maji. Bwana Zablon alijaribu kuwatisha na polisi, wakamkaribisha na yeye. Jua lilikuwa kali na suti ya Waziri ilikuwa ya sufu. Mwishowe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaipokea kata, akanywa maji mpaka yakamtiririka shingoni. Akairudisha.

“Haya,” alisema Bi Mize, akakunja mikono. “Habari ndiyo hiyo: chumvi hakuna. Hakuna ya leo, wala ya mwezi huu, wala ya mwezi uliopita. Kiwanda umekichukua, mikono hukuichukua.”

Waandishi waliandika. Waziri aligeuka kwa Tunu, uso umemvimba.

“Lakini ripoti zilisema nzuri!”

“Neno la kwanza, Mheshimiwa,” alisema Tunu. “Kanuni ya Nne.” Akafungua ukurasa mpya. “Na kwa kuwa leo ni siku ya kupima makampuni, nina swali moja la fomu. Kwa hali hii uliyoiona, Mheshimiwa, unaogopa?”

Waziri alipiga hesabu. Hakuwa mjinga. Akisema haogopi, sifuri yake itafutika, na pamoja nayo hisa za bia, za saruji na za sabuni. Waandishi wale kumi na mmoja walikuwa wameshamwelekezea vinasa sauti, na mmoja alikuwa hewani moja kwa moja.

“Naogopa,” alisema.

“Ahsante.” Tunu aliandika. “Basi Kiwanda cha Chumvi kimetikisika. Hakina bidhaa, kina ahadi tu. Kwa Kifungu cha Tisa kinahamia fungu la chipukizi, ambalo waoga hawaruhusiwi kushika, kwa huruma ya serikali. Kinakwenda kwa wajasiri. Wajasiri ni hawa hapa, nyuzi tisini na nane.”

“Na mimi napata nini?” alifoka Waziri.

“Mnabadilishana papo hapo. Wao wana hisa za ukungu. Nimeangalia daftari la soko: bei yake haijapanda wala kushuka hata senti moja tangu shirika lianzishwe, maana hakuna aliyewahi kuuza wala kununua. Katika nchi nzima hakuna hisa iliyotulia kama hiyo. Ni shina, Mheshimiwa. Ni yako.”

“Ukungu ni upuu...” alianza Waziri, akamwona shemeji yake akimkodolea macho, na waandishi kumi na mmoja wakiwa wamesimamisha kalamu kungoja mwisho wa neno.

“Ukungu ni nini, Mheshimiwa?” aliuliza mmoja.

“Ukungu,” alisema Mheshimiwa Barakaeli, “ndio msingi wa uchumi wetu.”

Bwana Zablon akapiga makofi, kwa mazoea.

*

Sanduku la bati lilirudi wiki hiyo hiyo. Posho ya maji ilirudi siku iliyofuata, na chumvi ya kwanza ikakwanguliwa maji ya mvua yalipokauka. Kifungu cha Tisa kilifutwa haraka sana kwa hati ya dharura, nacho kwa kufutwa kikawaacha wote walipokuwa, wanawake na chumvi yao, Waziri na ukungu wake. Ughaibuni ramani mpya ilichapishwa, na nchi ile isiyo na jina imepakwa rangi nyekundu kusini na kijani kwenye mji mkuu, na wataalamu wanaitolea mfano.

Mwisho wa mwezi Tunu alishuka Chumvini na begi moja. Bi Mize alikuwa mlangoni akianika shuka. Tunu akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akapokewa begi.

“Habari za mjini, mwanangu?”

“Nzuri, tunashukuru.”

“Habari za kazi?”

“Nzuri.”

Akakaa. Akaletewa maji, akanywa taratibu, kwa kuwa yalikuwa baridi na hakuwa na haraka tena ya kwenda popote. Bi Mize aliacha shuka zake. Alikaa mbele yake na kungoja. Tunu akateremsha gilasi.

“Basi Shangazi,” alisema. “Habari ndiyo hiyo. Wamenifukuza.”

Bi Mize akaichukua ile gilasi, akaenda kuijaza tena. Aliporudi alikuwa na mabuti mikononi, jozi moja, makubwa kidogo ili yadumu.